Mshumaa mfupi ulizimika kwanza

Nilipowaambia wenzangu kitivoni kwamba nataka kwenda na wanafunzi wangu kwenye shule za upande wa Mugunga na Lac Vert, hapa Goma, kuwafundisha watoto sayansi na hesabu kabla hawajachagua mchepuo, kila mtu alikuwa na ushauri. Mwingi ulikuwa mbaya. Mpaka leo unaniudhi, kwa sababu ulitumalizia pesa na Jumamosi yetu ya kwanza. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia: “Binti yangu, wapelekee watoto kitu kikubwa. Waonyeshe roketi, waonyeshe Mwezi. Na hesabu uiache nyumbani, itawafukuza.” Nikamsikiliza.

Tukakodi projekta na grupu ya umeme, tukanunua mafuta, tukalipa pikipiki mbili. Yote ilifika kama dola 40 na kitu, na zilitoka mfukoni mwetu. Grupu ilinguruma chini ya dirisha, ukutani roketi ikapaa, na mimi nikazungumza Kifaransa cha chuo kikuu kwa saa nzima. Watoto zaidi ya 60 wa darasa la nane walikaa kimya kabisa. Nilipouliza nani ana swali, kijana mmoja alisimama kwa adabu akataka kujua kompyuta ile inauzwa bei gani. Hatukupata swali lingine.

Tulirudi kwa miguu hadi barabara ya Sake. Njiani kuna bonde dogo katikati ya mawe ya lava, lina kibao cha kuonya watu: MAZUKU. Mmoja wa wanafunzi wangu alisimama pale akasema, “Madame, watoto wale wanapita hapa kila siku.” Mimi nimezaliwa Goma, neno hilo nimelisikia tangu utotoni, na nilikuwa nimetoka kuwaonyesha watoto Mwezi.

Asiye wa huku ajue hivi: mazuku ni hewa inayotoka ardhini kwenye nyufa za volkano, nayo ni gesi ya kaboni, yaani kaboni dioksidi, ile ile inayotoka ndani ya soda ukifungua chupa. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatuama mabondeni kama maji. Huioni. Mbuzi anaingia kula majani, haamki tena. Watu pia wamekufa humo.

Basi nikaamua tutengeneze mazuku ndani ya sanduku.

Nilikwenda kwa fundi anayechonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, nikamwomba sanduku la mbao lisilo na kifuniko, lenye kioo upande mmoja: urefu sentimita 30, upana 20, kina 40. Ndani tukapigilia ngazi tatu za mbao na kusimamisha mishumaa mitatu, mmoja chini, mmoja katikati, mmoja juu. Gesi tungeipata kwa bikarbonati, ile wanayotia akina mama kwenye maharage, na siki. Tungeichanganya ndani ya bidoni ya lita 5, na mpira ungeipeleka hadi chini ya sanduku. Mtu mmoja akatuambia tuchukue mpira wa Kadhafi, yaani muuza petroli wa pale barabarani, eti ni wa bure. Msifanye hivyo hata siku moja! Mpira uliopitisha petroli na mishumaa inayowaka havikai pamoja. Nunueni mpya kwa wauza vifaa vya ujenzi.

Jaribio la kwanza, nyumbani kwangu, halikutoa kitu. Tulimimina siki nusu glasi, povu likapanda vizuri, mishumaa ikaendelea kuwaka. Kila mtu akasema bikarbonati ni mbovu. Haikuwa mbovu, ila hatukuwa tumepiga hesabu. Sanduku lile ni 30 mara 20 mara 40, yaani lita 24. Gramu 84 za bikarbonati zinatoa gramu 44 za gesi, na hapa Goma, kwenye mita kama 1500 juu ya bahari ambako hewa ni nyepesi, gesi hiyo inachukua karibu lita 29. Kwa lita 24 unahitaji gramu 70 hivi, na siki ya asilimia 5 lita nzima. Lita nzima! Sisi tulitia nusu glasi. Tulipotia kipimo kamili, kidogo kidogo ili povu lisipande kwenye mpira, mishumaa ilizimika mmoja baada ya mwingine, na wanafunzi wangu walipiga kelele mpaka jirani akabisha hodi.

Jumamosi iliyofuata tuliingia shule ya pili. Safari hii niliongea Kiswahili tangu neno la kwanza. Nikawaambia watoto: tazameni, mshumaa mfupi, ule wa chini, utazimika kwanza. Nikafungua mpira. Ukazimika mrefu.

Madirisha ya darasa lile hayana vioo, na upepo wa ziwa ulikuwa umeanza. Nikawasha tena, nikaanza upya, na upepo ukazoa kila kitu, gesi na moto. Siki ilibaki chupa moja. Prefe, mkuu wa shule, alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Ndipo msichana mmoja wa benchi la nyuma akanyosha mkono: “Madame, ni upepo. Hata kwetu mazuku hayakai upepo ukivuma. Mabaya ni ya asubuhi mapema, jua halijatoka.”

Ni kweli tupu. Ndivyo wanavyosema wanaoyachunguza: usiku na alfajiri hewa imetulia, gesi inajaa bondeni, jua likipanda na upepo ukivuma, inatawanyika. Mtoto huyo alikuwa anajua, na hakuna mtu shuleni aliyewahi kumwambia kwamba alichokijua ni sayansi.

Nikamwita mbele, nikamwambia, “Haya mwanangu, tufanye nini?” Yeye ndiye aliyepanga kila kitu. Sanduku likasogezwa kwenye kona nyuma ya kabati, makartoni yakawekwa madirishani, wakubwa wakasimama bega kwa bega kama ukuta, wadogo wakachuchumaa mbele ya kioo. Nikamimina siki ya mwisho polepole. Moto wa mshumaa mfupi ukanywea, ukalala ubavu, ukajitenga na utambi, ukafa. Moshi wake ukapanda vidole viwili, kisha, badala ya kwenda juu, ukatandazika kama kitambaa juu ya meza isiyoonekana. Hapo gesi yenyewe wakaiona, mpaka wake uko wapi. Meza ile ikapanda. Wa katikati ukazimika. Darasani hakuna aliyepumua. Wa juu ukazimika.

Ule moshi sasa ndiyo mbinu yangu kubwa. Siku hizi nawasha kijiti cha ubani na kukishusha sandukuni taratibu: watoto wanaona moshi unavyoelea, na wanapima kwa rula kimo cha gesi. Gesi ya sanduku moja haidhuru mtu darasani, ila uso usiingizwe ndani.

Yule msichana hakuondoka kwenye kioo. Akaniuliza, “Madame, mbuzi wetu wawili walikufa nami nimesimama nao. Nilitaka kuinama kuwafungua kamba, mama akanivuta. Ni kwa sababu mimi nilikuwa mrefu?” Nikamjibu ndiyo, na kwamba mama yake alifanya vizuri kuliko kitabu chochote. Kijana mwingine akasema basi watu waende bondeni na mshumaa, ukizimika wakimbie. Nilimkataza papo hapo, kwa ukali, na ninamkataza kila msomaji: mshumaa ukizimika mkononi mwako, pua yako nayo inaweza kuwa imeshafika kwenye gesi. Kwenye kibao cha mazuku mtu hupita mbali.

Halafu ile hesabu, ambayo niliambiwa niiache nyumbani, waliidai wenyewe. Kwa nini nzito? Nikaandika ubaoni uzito wa chembe zao: 44 kwa gesi ile na 29 kwa hewa. Ingehitajika bikarbonati kiasi gani kujaza darasa hadi magotini? Wakapima darasa kwa hatua, wakazidisha, wakagawanya, wakabishana. Kengele ililia, hakuna aliyetoka. Mmoja akauliza kama gesi hii ndiyo iliyo chini ya ziwa Kivu. Ndiyo, imeyeyuka kule chini pamoja na methani, na wote tukakumbuka mwezi wa tano 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, kwa hofu ya lava iliyokuwa chini ya mji na ziwa.

Sanduku tuliliacha kwa prefe, aliliomba mwenyewe. Fundi wa chukudu anachonga la pili, anataka dola 15, tutaelewana. La pili litakuwa na kina cha sentimita 60, kwa sababu watoto wa shule ile wanasema ngazi tatu hazitoshi, wanataka tano. Wameshaniandikia kwenye karatasi ya daftari lita ngapi za siki ninunue. Nimerudia hesabu yao mara mbili. Ni sahihi.