Kupanda Nyang'oro na utingo wa zamani

Enzi hizo njia ya Dodoma–Iringa ikiwa vumbi tupu, baba alikuwa utingo wa lori. Pale Nyang'oro kazi yake ilikuwa gogo: lori likizidiwa mlimani, anaruka chini na kulisukumia nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi. Jumamosi iliyopita nilimpakia kwenye gari saa kumi na mbili na nusu asubuhi, twende akaione njia yake ikiwa na lami.

Ni kilometa zipatazo 260. Watu wakizungumzia safari hii husema mlima tu, lakini kwanza unashuka. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Mtera, karibu nusu ya njia, haifiki 700. Halafu Iringa inapita 1,500. Ukishamaliza mteremko wa Fufu, joto linakupokea usoni. Mibuyu kiangazi hiki haina jani hata moja, imesimama mikono juu kila upande, na mimi sijawahi kuichoka.

Mtera tulikula perege wa kukaanga na ugali. Baba alilitazama bwawa muda mrefu. Mito ya Ruaha Mkuu na Kisigo inakutana hapo, na maji yakishazungusha mitambo ya megawati 80 yanateremka kwenda kuzungusha mingine Kidatu. Yeye hakuyataka hayo. Aliuliza bei ya samaki, akasema zamani ilikuwa nafuu, akanawa mikono.

Baada ya Migori na Izazi, milima inasimama mbele yako kama ukuta.

Nyang'oro usiiendee kwa haraka. Kona inafuata kona, upande mmoja mwamba uliokatwa, upande wa pili bonde. Mbele yetu lori la mizigo lilikuwa linatambaa. Nikaingiza gia ya pili, nikabaki nyuma yake kwa mbali. Mzee alikuwa ameongea tangu Chipogoro, sasa akanyamaza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika kitasa cha mlango, na nilielewa: mwili wake ulikuwa unasubiri kuruka.

"Simama hapo penye upana, mwanangu."

Nikasimama, nikavuta breki ya mkono. Akashuka, akatafuta jiwe, akaliweka nyuma ya tairi na kulibana kwa kisigino. Sikumwambia kuwa breki inatosha. Tulikaa kama nusu saa. Upande wa Mtera nchi yote ilikuwa imelala chini yetu, ya rangi ya majani makavu, na upepo ulishakuwa wa baridi. Akanionyesha kona waliyolala usiku mbili wakisubiri ekseli.

Isimani, mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma alitusalimu, "Kamwene!" Baba, Mgogo wa kusema "mbukwa" maisha yake yote, akamjibu Kihehe bila kusita, wakaongea mpaka mahindi yangu yakapoa. Mjini Iringa hatukukaa zaidi ya saa moja: chai, mafuta, tukageuza.

Kushuka nilitumia gia ileile ya pili, nisichemshe breki. Baba alihesabu kona kwa sauti ndogo. Tulifika Dodoma saa mbili usiku.

Lile jiwe limo kwenye gari bado, chini ya kiti chake. Amesema nisilitoe.