Dole Gumba la Bibi wa Masese

Jana jioni vijana walipika gundi ya mabango nyuma ya nyumba yetu. Unga wa muhogo, maji, kuni tatu na kijiti cha kukorogea, basi. Inanuka kama uji ulioshika chini ya sufuria. Harufu ikaingia dirishani nikiwa nachambua mchele, nikauweka ungo chini. Kampeni zimerudi, na hapa Walukuba, mtaa wa Jinja nchini Uganda, hakuna nguzo ya umeme isiyo na sura ya mtu.

Desemba 2020 mikono yangu ilinuka hivyo mwezi mzima. Dada alikuwa anagombea kiti cha diwani wa jiji, na mpinzani wake alikijua kiti hicho kuliko kitanda chake. Jinja ilikuwa imepewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai mwaka huo, na dada akawa anauliza nyumba kwa nyumba: kama sisi ni jiji, mbona mitaro yetu imeziba? Aliuliza kwa Kiswahili, kwa sababu Walukuba ndivyo tunavyoongea tangu wazee wetu waletwe kufanya kazi viwandani na kupangishwa nyumba hizi. Baadaye Tume ya Uchaguzi ikasimamisha mikutano ya kampeni hapa Jinja, Kampala na wilaya nyingine kwa sababu ya korona. Tukabaki na mabango, dakika chache za redio, na miguu.

Kila mlango swali lilikuwa moja: mmetuletea nini? Wenzetu walipita na sabuni, chumvi na sukari. Dada hakutoa hata kiberiti. Wengi walitusikiliza kwa heshima, wakarudi ndani. Bibi mmoja, muuza samaki wa Masese, ndiye aliyetukalisha mkekani. Mtaro uliopita mbele ya mlango wake ulikuwa umejaa mpaka ukingoni, na mvua ikinyesha, maji yale yaliingia hadi chini ya kitanda chake. Alikuwa anaparua sangara huku akizungumza, na dole gumba lake la kulia lilikuwa na kovu pana, limekatwa na kisu zamani, limepita katikati kama barabara. Akamwambia dada, "Chumvi yao nimekula, mwanangu. Kura ni yako."

Siku ya kupiga kura ya madiwani, siku chache baada ya ile ya rais ya Januari 14, 2021, nilikuwa wakala wa dada kituoni kwetu. Saa kumi jioni upigaji ukafungwa. Sanduku likamwagwa mezani, chini ya mwembe, mbele ya watu wote, kama ilivyo desturi. Msimamizi akawa anachukua karatasi moja, anaifunua, anaiinua juu kwa mikono miwili ili umati uone, anataja jina, anaiweka kwenye fungu lake. Watu wakahesabu kwa sauti pamoja naye. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka mezani, na kalamu mkononi.

Akainua moja iliyotiwa dole. Wino ulikuwa mzito, na katikati ya wino kulikuwa na mstari mweupe, mnyoofu, umekata alama vipande viwili. Nililijua dole lile kabla sijajua limewekwa wapi. Lilikuwa juu ya mstari unaotenganisha picha ya dada na ya mpinzani wake. Zaidi ya nusu ilikuwa upande wetu, naapa. Msimamizi akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia. Jua lilikuwa nyuma ya karatasi, ile barabara nyeupe ikang'aa. Wakala wa upande wa pili akasema imeharibika. Wote wakanitazama mimi.

Nilikuwa na haki ya kupinga. Nilifundishwa hivyo, na sentensi ya kusema niliikariri. Lakini nilichofikiria ni kwamba nikibishana, karatasi ile itazungushwa mkono kwa mkono, na yeyote aliyewahi kununua samaki kwa bibi atalitambua kovu. Wale waliompa chumvi walikuwa pale pale. Nikanyamaza. Ikawekwa kwenye fungu la zilizoharibika, ikaja nyingine.

Dada alishindwa. Matokeo ya vituo vingine yalitufikia kwa simu na bodaboda, kwani mitandao ya kijamii ilikuwa bado imefungwa, na pengo lilikuwa kubwa kiasi kwamba kura moja isingebadilisha chochote. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Mara nyingine najiambia kwamba nilimlinda bibi. Usiku mwingine naona kwamba niliogopa tu kuinua sauti mbele ya umati, na hilo la kumlinda nililitafuta njiani nikirudi nyumbani. Dada sijamwambia mpaka leo, na yeye husema wazi kwamba bibi yule naye alimgeuka.

Nikiwa bado natia saini fomu ya matokeo, bibi alinifuata. Alisimama nyuma kabisa wakati wa kuhesabu, na macho yake hayakuona mbali.

"Mwanangu, yangu imo?"

"Imo, bibi."

Akanishika mkono. Wino ulikuwa haujakauka, ukanipaka kiganjani.

"Haya," akasema. "Mtaro watauzibua lini?"