Bahari tu

Tumerudi jana usiku. Mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja, na kaka hatimaye ametaja tarehe ya harusi, lakini hayo nitayaandika siku nyingine. Tangu Jumanne kichwani mwangu mna maneno mawili tu.

Ilikuwa Jambiani, Unguja, saa nne asubuhi, siku moja baada ya mwezi mpevu. Maji yalikuwa yamekupwa hata mawimbi ya kwenye mwamba yakabaki mstari mweupe kule mbali. Mimi na binti yangu Salma tulikuwa tunatembea kwenye maji ya vifundoni, yeye akihesabu viti vya pweza, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, bila kuvigusa (lile somo la kutowatoa majini limemwingia, namshukuru Mungu). Nikawa nampiga picha huku narudi kinyumenyume. Mguu ukanasa kwenye kamba, nikauvuta kwa nguvu. Mashada mawili ya mwani yakachomoka, yakaelea.

"Mwanangu, hapo ni shambani."

Bibi mmoja alikuwa ameinama hatua chache tu kutoka kwangu, kanga imemlowa mpaka mapajani.

"Shikamoo, bibi. Samahani sana, nilidhani ni bahari tu."

"Marahaba." Akamaliza kifundo alichokuwa anakifunga. Kisha akasema, "Bahari tu?"

Hakufoka. Hata kichwa hakuinua. Laiti angefoka! Nimeirudia sauti ile bafuni, nimeirudia kwenye boti, na kila mara inanichoma upya. Mtu akipita katikati ya mahindi ya mama yangu, akayavunja, kisha aseme alidhani ni udongo tu, ningemjibu nini?

Baba Salma alisema bibi ameshasahau. Mimi sikuamini. Mwani huchukua kama wiki sita tangu kufungwa mpaka kuvunwa, na wao hufanya kazi siku za bamvu, maji yanapokauka sawasawa. Yakija maji mafu, shamba linabaki chini ya maji. Siku kama ile si ya kupotezewa na mgeni.

Jumatano tukarudi. Nikamwambia nimekuja kufunga nilichokifungua. Akacheka, akacheka kweli, mkono kiunoni! Akamtilia Salma mkononi kamba nyembamba wanazoziita taitai, akamwonyesha: shika kichipukizi, zungusha, usikaze, kinenepe. Salma alifunga kumi na moja, ulimi nje, hasemi neno. Mimi nilifunga vinne. Maji yakaanza kujaa, yakapita taratibu kati ya vigingi, na tulipofika ufukweni shamba lote lilikuwa limefunikwa. Jioni watu walikuwa wanaogelea juu yake. Salma alisimama mchangani akiwaonyesha kwa kidole: "Mama, wako juu ya vifundo vyangu."

Nimetoa nguo kwenye begi, mchanga umejaa sakafuni, na bado sijafagia. Mama nimempigia mara tatu tangu asubuhi. Simu inaita, hapokei. Jirani yake naye hapatikani.