Mnaorudi Kigoma na kamera, yapigeni picha magofu ya Ujiji

Likizo zikikaribia, wana Kigoma tulioko Ulaya tunaanza kufunga mabegi, na siku hizi begi lisilo na kamera ni nadra. Picha tunazorudi nazo tunazijua: jua likizama Ziwa Tanganyika, stesheni ya reli, mnara wa Livingstone, meli ya Liemba. Hivyo vyote vina wapigapicha wa kutosha, na mwakani bado vitakuwapo. Vinavyokosa mpigapicha ni magofu, yaani nyumba za udongo za Ujiji zilizofungwa tangu wenyewe wafariki, maghala yaliyoachwa, nyumba za zamani zilizobaki kuta tupu. Hizo hazingojei mtu amalize masomo huku.

Nyumba ya tofali mbichi hufa kuanzia juu. Bati likishang'olewa, mvua inapiga kichwa cha ukuta moja kwa moja, maji yanashuka kati ya lipu na tofali, lipu inavimba na kudondoka vipande vipande. Mchwa nao wanapanda kwenye fremu na boriti. Boriti ikishuka inausukuma ukuta nje, na ukuta ukiegemea haurudi. Kwa hiyo ukiwa na siku chache, anza na nyumba iliyopoteza paa juzijuzi. Ndani yake bado kuna rangi, misumari ya kutundikia nguo, alama za kitanda ukutani. Ile iliyobaki kichuguu inaweza kungoja.

Upige nini humo? Wengi wetu tunafika na mazoea ya huku. Ujerumani watu wanapenda majengo yaliyoachwa kwa ajili ya ukubwa wake. Nenda Beelitz, karibu na Berlin, kwenye hospitali ya kifua kikuu iliyoanza kujengwa mwaka 1898, na utaona kila lenzi imeelekezwa kwenye ngazi ndefu na kumbi zenye mwangwi. Ukija Ujiji na jicho hilo utasema hakuna kitu. Mwalimu mzuri zaidi tunaye nyumbani, naye ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa kisiwa cha Pate, aliyetunga utenzi wa Al-Inkishafi. Anapouonyesha moyo wake mji ulioanguka, anaupeleka ndani ya vyumba: kwenye popo wanaoning'inia juu, kwenye madaka, yaani matundu ya ukutani ya kuwekea vitu, yaliyopangwa sahani na sasa yana makinda ya ndege, kwa bundi anayekoroma katikati ya nyumba, kwenye utando wa buibui. Kila kitu anachokitaja kina mtu aliyekuwa akikitumia. Chukua beti hizo uzifanye orodha yako ya picha. Tafuta shubaka (daka dogo la ukutani), kizingiti kilicholika kwa miguu, jiwe la kusagia, mafiga, ndoana ya taa. Ukuta mzima mpige mara moja tu kwa ajili ya kumbukumbu, halafu sogea karibu.

Sasa mwanga, na hapa ndipo picha nyingi zinapoharibika. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa yake ni ya Dar es Salaam. Jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, hukaa utosini karibu saa saba mchana, na huzama kama saa moja jioni. Anayepanga kwa saa za Dar atafika gizani, na jioni ataondoka kabla mwanga mzuri haujaanza. Halafu jua la huku Berlin, hata Juni, halipandi zaidi ya nyuzi 61. La Kigoma hupita juu ya kichwa kabisa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na siku hizo mchana ukuta wa nje hauna kivuli chochote cha kuonyesha nyufa. Juni na Julai jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini unapata mwanga na wa kusini unabaki kivulini mchana kutwa. Desemba ni kinyume chake. Lifahamu hili kabla hujafika, ujue ni nyumba ipi ya asubuhi na ipi ya jioni.

Kiangazi, hasa Agosti na Septemba, kuna moshi wa mbuga zinazochomwa. Milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa hupotea, lakini mwanga unakuwa laini, na kwa kuta ni mzuri mno. Masika kuna unyevu, rangi za udongo zinakolea, na lenzi inaingia ukungu ukiitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa mpaka izoee joto la nje.

Ndani ya nyumba fanya hivi. Kamera iwe kwenye stendi, ISO (wepesi wa kunasa mwanga) iwe 100, tundu la lenzi f/8, na kasi iachwe ishuke yenyewe. Katika chumba cha dirisha moja mara nyingi itaangukia kati ya robo sekunde na sekunde 2. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise. Dirisha litaungua likawa jeupe, kwa hiyo piga picha 3 bila kugusa stendi: moja ya kawaida, moja pungufu kwa stopu (hatua za mwanga) 2, moja zaidi kwa stopu 2, uziunganishe baadaye. Usizidishe huko kwenye kuunganisha. Kona iliyokuwa giza iachwe na giza lake. Programu ikiimulika kila mahali, nyumba inaonekana ya plastiki.

Hifadhi faili ghafi, zile zilizoandikwa RAW kwenye menyu, kwa sababu udongo mwekundu wa Kigoma huidanganya kamera. Inapoona nyekundu tupu inajaribu kuifuta, na ukuta unatoka rangi ya kijivu. Weka mizani ya rangi kwenye jua, au piga kwanza karatasi nyeupe mahali hapohapo uitumie kurekebishia. Kuta zikionekana zinaangukia nyuma, umeielekeza kamera juu. Ilaze sawa, kimo cha nusu ya ukuta, urudi hatua kadhaa. Mwenye simu atumie lenzi ya kawaida. Ile pana ya 0.5 humomonyoa picha penye giza. Afute kioo cha lenzi, kisha ashikilie kidole kwenye skrini mpaka kipimo cha mwanga kifungwe kisibadilike.

Shubaka linataka mwanga wa pembeni. Tochi ya simu iliyoshikwa ubavuni, karibu igusane na ukuta, itatoa alama za vidole vya fundi kwenye lipu, tabaka za chokaa, na masizi ya koroboi. Ukiimulika kwa mbele, vyote vinafutika.

Kabla ya kuingia simama nje usikilize. Nyuki hupenda dari, nao utawaona wakiingia na kutoka kwenye tundu moja. Ukiwaona, nyumba hiyo iache. Shika fimbo ndefu uguse majani mbele yako, maana uani kuna shimo la choo au kisima ambacho mfuniko wake umeoza. Vaa viatu vya kufunika kifundo cha mguu, na miwani pia, kwa kuwa swila anatema mate akilenga macho. Kinyesi cha popo kikishakauka kinaweza kuwa na kuvu wa histoplazma, na vumbi lake likivutwa huleta ugonjwa wa mapafu. Zile barakoa za FFP2 zilizobaki tangu korona zina kazi hapa. Usiegemee ukuta, wala usipige msumari.

Na hakuna gofu lisilo na mwenyewe. Mara nyingi nyumba imeachwa kwa sababu warithi hawajaelewana, na mtu aliyetoka Ulaya akionekana anapiga picha kiwanja, tafsiri ya kwanza ni kwamba amekuja kununua au kudai. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha mzee jirani. Kamera ibaki begini mpaka shikamoo iishe na sababu yako ieleweke. Stesheni, bandari na majengo ya serikali yanahitaji kibali. Droni usiibebe bila kibali. Zima pia alama ya mahali kwenye simu na kamera kabla ya kurusha picha mtandaoni: mlango wa nakshi una wanunuzi, na anayeutaka hahitaji kuelekezwa zaidi ya hapo.

Maelezo chini ya picha, kwa maoni yangu, yawe ubeti. Mizani (silabi) 16 kwa mstari inatosha kubeba chumba kizima:

Gofu hili si la jini, palilala binadamu,
Shubaka la ukutani, lina masizi magumu,
Taa iliwaka ndani, ikamulika kalamu,
Sasa popo wa darini, ndio wenyeji wa humu.

Sharti ni moja: ubeti usitaje kisichoonekana. Kalamu imepata nafasi kwa sababu picha inayokwenda na ubeti huu ina matone ya wino kwenye sakafu ya shubaka. Wino usingekuwapo, mstari wa tatu ungetafutiwa kina kingine.

Mwisho chapisha. Nakala za sentimita 13 kwa 18, mbili kwa kila picha iliyofaa, nyuma ukiandika kwa penseli mtaa, mwezi na mwaka, na jina la mwenye nyumba ikiwa familia imeridhia. Moja mpe mzee aliyekufungulia, nyingine ikae kwa mwenyekiti. Ukishaondoka, mtu yeyote anayesafiri kwenda nyumbani ataibeba bahasha ya nakala hizo bila shida.