Waya wa Sauti Uchaguliwe kwa Kazi Yake

Wengi tunaorekodi nyumbani hulinganisha maikrofoni kwa wiki nzima, kisha waya tukaokota wowote uliopo, na muungurumo ukisikika kwenye rekodi lawama huiangukia kadi ya sauti. Mimi huanza na swali moja: ni mawimbi gani ya umeme yatakayopita humo, na kwa umbali gani?

Mawimbi yatokayo kwenye maikrofoni ni dhaifu mno, mara nyingi milivolti chache tu, hivyo usumbufu mdogo husikika wazi baada ya kukuzwa. Ndiyo sababu ya waya wa XLR, ule wa maikrofoni wenye pini 3: ya kwanza ni ya kinga, yaani ganda la chuma linalozizunguka nyaya za ndani, ya pili hubeba sauti, na ya tatu hubeba sauti ileile ikiwa imegeuzwa. Kelele za njiani huziingia nyaya hizo mbili kwa kiasi kinachokaribiana. Kifaa kinachopokea huchukua tofauti iliyopo kati yake, kelele zikafutana na sauti ikabaki. Waya huohuo hupeleka volti 48 zinazohitajiwa na maikrofoni za kondensa.

Gitaa la umeme halina mpangilio huo. Waya wake wa TS, wenye njia mbili tu, moja ya sauti na moja ya kinga, hauwezi kufuta kelele, tena kadiri unavyorefuka ndivyo sauti nyembamba zinavyofifia, kwa hiyo sioni haja ya kuvuka mita 6 ndani ya chumba.

Linalowachanganya watu zaidi ni plagi za milimita 6.35. Itazame ncha yake: mkanda mmoja mweusi ni TS, miwili ni TRS, yenye njia tatu kama XLR, na spika za studio zenye tundu la TRS zastahili waya wa TRS pande zote mbili. Waya wa spika zisizo na kikuza sauti ndani huweza kuwa na plagi kama ya gitaa, lakini hauna kinga. Ukiuchomeka kwenye gitaa utavuma.

Dhahabu kwenye plagi huzuia kutu, basi. Haiongezi utamu wa sauti. Afadhali ufungue kifuniko cha plagi, kama kinafunguka, ukague kama risasi ya kulehemu imeshika vizuri na kama kuna kibano kinachoushikilia waya, kwa kuwa nyaya nyingi hukatikia hapo. Nyaya za umeme nazo zisilazwe sambamba na za sauti. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe ya nyuzi 90.