Klik 2,140 na klik 86: nilivyojua nani ananiletea wateja wa kweli

Nauza vifaa vya kuokea keki, yani trei, nozo, mizani ndogo, boksi, rangi, mashine za kupigia. Mzigo nachukua Kariakoo, oda zinaingia kwenye tovuti yangu, Dar natuma kwa boda na mikoani kwa basi. Mwaka jana nikaamua kuingiza watu wa kamisheni, ile wanaita afilieti, mtu anachukua linki ya duka anaisambaza kwa watu wake, akinunua mtu kupitia yeye namlipa asilimia 10. Nilianza na watu sita.

Mwezi wa kwanza nililipa kwa kukadiria. Nilifungua Google Analytics, ule mfumo unaoonyesha watu wanaoingia kwenye tovuti wametokea wapi, nikaona Instagram imejaa juu, chini yake kuna fungu kubwa la dairekti, nikajua hao wa dairekti ni wateja wangu wa siku zote wanaoandika jina la duka wenyewe. Kumbe sivyo. Mtu akibofya linki iliyotumwa WhatsApp, mara nyingi brauza haiambiwi katokea wapi, kwahiyo anahesabiwa kama kajileta mwenyewe. Ndani ya fungu lile kulikua na kazi ya watu ambao sikuwalipa hata mia, na iliniuma sana, maana mmoja wao ni mama anayefundisha kuoka keki Mbagala ambaye alikua ananitumia wanafunzi wake kila wiki na hakuwahi kulalamika.

Nikaanza upya. Kila mtu nikampa linki yake yenye zile alama za utm mwisho, yani maneno ya ziada yanayoiambia Google Analytics mtu katokea kwa nani, utm_source naweka jina lake, utm_medium naweka afilieti, utm_campaign naweka mwezi. Hapa andika kila kitu kwa herufi ndogo, mimi sehemu moja nilianza jina kwa herufi kubwa na nyingine ndogo, mfumo ukawahesabu kama watu wawili tofauti, nikakaa jioni nzima kuunganisha.

Ila linki peke yake haikutosha. Mteja anaona posti Instagram asubuhi akiwa kwenye daladala, anabofya, ukurasa unafunguka humohumo ndani ya Instagram, anaangalia trei anafunga. Usiku akitulia nyumbani anafungua Chrome anaandika jina la duka anaagiza. Kwa mashine huyo ni mtu mpya kabisa, ile alama ya asubuhi imebaki kwenye brauza ya Instagram. Ndo nikaongeza kuponi, kila afilieti ana neno lake, mteja akiliandika wakati wa kuagiza anapunguziwa 2,000. Mtu anaweza kubadilisha brauza hata simu, ila neno la mwalimu wake analikumbuka.

Mwisho wa mwezi wa pili nikakaa na Excel. Nataka niwaonyeshe watu wawili tu maana ndo walionifungua macho. Wa kwanza ana ukurasa mkubwa wa Instagram, alileta klik 2,140 na oda 31, wastani wa oda 28,000, jumla 868,000, kamisheni yake 86,800. Wa pili ni yule mwalimu wa Mbagala, kwenye magrupu yake ya WhatsApp zimetoka klik 86, oda 14, wastani 61,000, jumla 854,000, kamisheni 85,400. Yani niliwalipa karibu sawasawa, na kama ningeangalia klik na oda tu ningesema wa Instagram ndo mkali.

Afu nikaanza kutoa vitu. Zile oda 31, tisa zilikataliwa mlangoni, boda kafika simu haipokelewi au mtu anasema nilikua naulizia tu, na mimi boda nimeshamlipa, 5,000 kila safari, 45,000 imepotea. Zikabaki oda 22, sawa na 616,000. Faida yangu baada ya kutoa bei ya mzigo na punguzo la kuponi ni kama robo, kwahiyo 154,000. Toa kamisheni 86,800 niliyolipa kwa oda zote hata zilizorudi, toa 45,000 ya boda, nimebaki na 22,200. Gawanya kwa klik 2,140, kila klik imeniachia shilingi 10. Mwalimu hakuna oda hata moja iliyorudi, robo ya 854,000 ni 213,500, toa kamisheni yake inabaki 128,100, gawanya kwa 86, kila klik karibu shilingi 1,490. Nilirudia hiyo hesabu mara tatu kwa kalkuleta ya simu maana sikuamini.

Nikaongeza safu moja, nimeiandika AMERUDI. Huku kwetu namba ya simu ndo kitambulisho cha mteja, mtu akiagiza tena naitafuta namba yake naona aliletwa na nani mara ya kwanza. Baada ya miezi mitatu, kati ya wateja 14 wa mwalimu 9 walikua wameagiza tena, kati ya wale 22 wa Instagram wawili tu. Muoka keki boksi zinamuishia kila wiki, aliyevutiwa na picha ananunua trei moja basi.

Kuna wa tatu sasa, na huyu ndo alinisumbua kichwa zaidi kwa sababu kwenye karatasi alikua anaongoza. Oda 40 kwa mwezi, hazirudi, wastani mzuri. Kilichonishtua ni saa. Klik 19:42, oda 19:46. Klik 13:05, oda 13:08. Karibu zote hivo, na mtu mgeni hawezi kuchagua mashine ya kupigia kwa dakika nne. Nikaanza kuwapigia wateja wenyewe, dada samahani, dukani kwetu ulituonaje? Mmoja akanijibu, mimi ni mteja wako tangu mwaka juzi, nilikua naagiza nikaona sehemu ya kuponi nikasema ngoja niitafute. Kumbe yule kijana alikua anaweka neno lake na linki kwenye komenti chini ya posti zangu mwenyewe, anawadaka watu wakiwa tayari na hela mkononi. Nilikua natoa punguzo na kamisheni kwa mteja ambaye ni wangu.

Sikutaka kumhukumu kwa hisia. Nikamwambia yule kijana, mdogo wangu, nasimamisha kuponi yako wiki mbili nipime, akakubali. Wiki mbili za kabla duka zima lilikua na oda 97, wiki mbili bila yeye oda 95. Mauzo hayakushtuka. Kwangu hicho ndo kipimo kikubwa kuliko vyote, mtoe mtu uone nini kinapungua, ila uchague wiki zinazofanana, ukipima wiki ya Idi na wiki ya kawaida utajidanganya.

Nilibadilisha malipo. Kamisheni inatoka siku 7 baada ya mzigo kupokelewa, mteja ambaye namba yake sijawahi kuwa nayo ni asilimia 10, mteja wa zamani asilimia 3, na kuponi haibandikwi kwenye komenti zangu. Yule kijana tumeendelea nae, sasa hivi anarekodi video fupi za jinsi ya kutumia nozo na analeta wapya kweli, wachache ila wapya.

Mwalimu nilimpigia nikamuelezea hesabu yote pamoja na ile ya mwezi wa kwanza niliyomdhulumu bila kujua, nikamwambia namlipa ya nyuma na napandisha yake iwe asilimia 13. Akasema, "Mwanangu, ya nyuma usinipe hela, nipe trei, darasani wanafunzi watatu wanagombania trei moja." Nikamfungashia siku hiyohiyo, za inchi 8 nane na za inchi 10 mbili, nikazituma kwa boda, na bei yake nikaiandika kwenye mstari wake, safu ya gharama. Bado kila klik yake iko juu ya 1,000.