Sukari nzuri, usiku mbaya: nilivyoanza kuyapima maisha yenyewe

Nina kisukari cha aina ya pili na nashona nguo hapa Tanga. Kwa muda mrefu kila nikienda kliniki nilikuwa napongezwa. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilisoma asilimia 6.4, na wagonjwa wengi huambiwa wajitahidi iwe chini ya 7. "Mama, wewe ni mfano kwa wenzako," daktari akaniambia. Na mimi huku nyumbani nilikuwa hoi, mchana nasinzia juu ya cherehani, mteja anakuja kuchukua gauni halijakatwa hata kitambaa.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenipa karatasi ya maswali matano ya Shirika la Afya Duniani, yanayotumika tangu 1998. Yanahusu wiki mbili zilizopita tu: ulikuwa na furaha na uchangamfu? Ulikuwa na utulivu? Ulijisikia una nguvu? Uliamka umepumzika vizuri? Siku zako zilikuwa na mambo yanayokuvutia? Kila swali unajipa alama, 0 ikiwa haikutokea kabisa, 5 ikiwa ni wakati wote. Jumla unaizidisha kwa 4, unapata alama yako katika 100. Aliyepata 50 au chini inafaa aangaliwe zaidi, maana huenda ana sonona.

Nilipata 36. Muuguzi hakuishia kwenye jumla, Mungu ambariki. Aliweka kidole kwenye swali la nne, nililojipa 0, akauliza: "Usiku kuna nini, mama?" Nikamweleza naamka nguo zimelowa jasho, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza habari za usiku. Akaniambia nipime sukari saa tisa usiku. Mashine ya kidole, inayohesabu kwa milimoli kwa lita na si kwa asilimia, ikasoma 3.1, na chini ya 4 tayari imeshuka mno. Glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari niliyokuwa nameza jioni, ilikuwa inaishusha nimelala, na huko kushuka ndiko kulikofanya wastani wangu uonekane wa kupendeza.

Daktari alipunguza dozi. Sukari ya miezi mitatu ikapanda hadi 7.1, alama za maisha zikafika 64. Jirani yangu mwenye kisukari aliona nimeharibu. Mimi nalala hadi alfajiri na nguo za wateja zinatoka kwa wakati. Daktari naye alisema mtu anayeshukwa na sukari ovyo hulegezewa lengo.

Sasa najibu maswali hayo kila mwezi, asubuhi, kabla sijapima sukari, ili namba ya mashine isinichagulie majibu. Alama zikipungua kidogo siogopi, huenda ni msiba au kodi ya nyumba. Zikishuka 10 au zaidi, napeleka daftari kliniki.

Nimeongeza na swali langu la sita, ambalo silichanganyi kwenye hesabu: nilikula na wenzangu? Kwenye shughuli nilikuwa nakaa pembeni na chupa ya maji, sinia la pilau likipita nasema nimeshiba. Siku hizi naketi na wenzangu, najipimia kiasi changu, kachumbari nyingi. Swali hilo ningependa kila kliniki ya sukari iliulize, kwa sababu wapo wanaoacha kwenda hata kwenye harusi za watoto wa ndugu zao, na kadi zao za kliniki zinaonyesha wako vizuri.